Serikali na Raia Walivyosemezana katika Tarime na Serengeti

Neno langu ni la historia. Nataka kueleza jinsi serikali mbalimbali zilivyosemezana na watu wa Tarime na Serengeti, wilaya zilizo upande wa mashariki wa Ziwa Viktoria katika Mkoa wa Mara, na jinsi watu hao walivyojibu au walivyokosa nafasi ya kujibu. Waandishi wa historia hupenda kueleza habari za vita na za watawala. Habari za kusemezana huachwa nyuma, kwa kuwa hudhaniwa kuwa jambo dogo. Walakini mtu akiyachungua mambo yaliyoharibika katika nchi hii kwa muda wa miaka zaidi ya mia moja, ataona kwamba mengi yaliharibika kwa kuwa neno la serikali lilishuka mpaka kwa raia, wala neno la raia halikuwa na njia ya kupanda. Na yaliyotengenea, yalitengenea mahali palipokuwa na njia hiyo.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Mto Mara hutoka katika nchi ya Kenya, hupita katika mbuga za Serengeti, kisha huelekea magharibi mpaka ziwani. Kaskazini ya mto iko Tarime, nchi ya vilima na ya baridi kidogo, yenye rutuba, ambayo watu wake hulima wimbi, mahindi, ndizi na kahawa, na kufuga ng'ombe. Wengi wao ni Wakuria. Karibu na ziwa wako Wajaluo, ambao sehemu yao kubwa sasa imo katika Wilaya ya Rorya, iliyokatwa kutoka Tarime mwaka 2007. Kusini ya mto iko Serengeti, ambako Wakuria hukaa pamoja na Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye, na makao makuu ya wilaya hiyo ni Mugumu. Basi hapa pana lugha nyingi katika eneo moja, na jambo hili tulikumbuke, maana litarudi katika habari zetu.

Wakuria wa zamani hawakuwa na mfalme. Waligawanyika katika sehemu ambazo kila moja huitwa ikiaro, kama Wanyabasi, Wakira, Wairege na Wagumbe, na kila ikiaro kilijitawala chenyewe. Mambo ya mila yalikuwa mikononi mwa wazee wa inchama, waliokutana kwa siri. Lakini mambo yaliyowagusa watu wote, kama wizi wa mifugo au ugomvi na jirani, yaliletwa katika mkutano wa hadhara uitwao iritongo. Huko mwenye shauri alilitoa mbele ya watu, na wengine wakamjibu papo hapo. Kwa kuwa hapakuwa na mfalme wa kutoa amri, shauri halikupata nguvu mpaka watu wamepatana. Wazee wa pwani husema: Palipo wazee haliharibiki neno. Wakuria wa bara walikuwa na maana hiyo hiyo, ingawa hawakuwa na kibaraza cha mawe mbele ya nyumba kama watu wa pwani, ambao ndio waliotupa neno baraza.

Wala tusiisifu desturi hii kupita kiasi. Iritongo lilikuwa baraza la wanaume, na katika wanaume wenyewe wazee ndio waliokuwa na uzito. Wanawake waliyapata maamuzi yakiwa yamekwisha kukatwa, ingawa wao ndio waliolima wimbi na kuchota maji. Tena inchama iliamua mambo mengi kwa siri, na mtu wa kawaida hakuwa na ruhusa ya kuuliza. Hata hivyo lilikuwamo jambo moja kubwa katika iritongo: msemaji alisikia jibu la neno lake kabla ya watu kutawanyika. Aliyetoa shauri baya aliambiwa kuwa ni baya, mbele ya macho yake. Jambo hili moja ndilo nitakalolifuata katika historia yote inayofuata.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana huko Ulaya juu ya mpaka wa nchi zao katika Afrika ya Mashariki. Walipiga mstari kutoka mdomo wa Mto Umba katika pwani, wakauzungusha kaskazini ya Kilimanjaro, wakaufikisha Ziwa Viktoria mahali palipo na digrii moja kusini ya mstari wa Ikweta. Mstari huo ulikata katikati ya nchi ya Wakuria. Wanyabasi, Wakira, Wairege na Wagumbe, wote walijikuta nusu yao upande huu na nusu yao upande wa pili. Hakuna mzee hata mmoja aliyeulizwa. Mpaka leo mtu wa Tarime ana ndugu Kenya, na ng'ombe aliyeibwa usiku huweza kuwa katika nchi nyingine kabla ya mapambazuko. Basi neno la kwanza la serikali za kigeni kwa watu hawa halikusemwa hata kidogo. Lilichorwa katika ramani, na wenyewe wakalijua baadaye.

Wajerumani walipofika kuitawala nchi hii, waliweka kituo Shirati karibu na ziwa, na ngome Ikoma upande wa Serengeti. Katika koloni yao yote walikuwa wametangaza kodi ya nyumba tangu mwaka 1897. Ili kuikusanya kodi walihitaji mtu wa kuagizwa, na kwa kuwa hawakukuta wafalme, waliwaweka watu wawe wakuu. Fikirini sasa hali ya mtu kama huyo. Jana alikuwa mmoja wa wengi katika mkutano, na neno lake lilijibiwa. Leo anasimama mbele ya watu wale wale na neno lisilojibiwa, maana si neno lake. Ni la ngome. Pwani wanasema mjumbe hauawi, lakini mjumbe asiyeweza kurudisha jibu kwa aliyemtuma hapendwi na upande wowote.

Vita Kuu ya 1914 hata 1918 ilipokwisha, nchi iliingia mikononi mwa Waingereza, na mwaka 1922 Shirikisho la Mataifa likawapa dhamana ya kuitawala Tanganyika. Mwaka 1925 akaja Gavana Donald Cameron, aliyekuwa amefanya kazi Nigeria miaka mingi. Yeye alisema kwamba wenyeji watawaliwe kwa njia ya mabaraza na wakuu wao wenyewe, na mwaka 1926 ikatolewa sheria ya mamlaka za wenyeji. Kwa watu wenye watemi wa asili, kama Wasukuma, mpango huu ulikuta kitu cha kushika. Kwa Wakuria, ambao desturi yao ya kutawala ilikuwa mkutano, serikali ilitafuta mtu mmoja mahali palipokuwa na watu wengi. Wakuu waliowekwa wakaendelea, wakapewa mishahara, mahakama na makarani, na iritongo halikuandikwa katika mpango.

Tuyatazame mabaraza ya siku hizo jinsi yalivyokwenda. Bwana Shauri husafiri kutoka bomani, hupiga hema, na watu huitwa. Meza huwekwa chini ya mti. Husema Bwana Shauri kwa Kiingereza, au kwa Kiswahili alichojifunza kitabuni, na mkalimani hugeuza kwa Kikuria. Maneno yalikuwa juu ya kodi, juu ya kutengeneza njia, na juu ya kulima muhogo ili kujikinga na njaa. Baadhi ya maneno hayo yalikuwa na faida kwa watu. Muhogo umeokoa roho nyingi katika nchi za ziwa. Lakini mkutano ulipokwisha, jibu lilikuwa nini? Mara nyingi lilikuwa kimya. Bwana Shauri aliweza kudhani kwamba kimya ni kukubali, maana Waswahili nao husema kimya ni jibu. Walakini kimya kina maana nyingi, na mtu asiyeijua lugha ya wenyeji hawezi kuzitenga. Ikiwa mkuu aliyeketi karibu na meza ndiye atakayekuhukumu kesho katika mahakama yake, wewe mkulima utasimama na kusema kwamba mkuu anatoza zaidi ya haki?

Haifai kusema kwamba watawala wale hawakutaka kujua. Afisa mmoja wa utawala, E. C. Baker, aliandika mwaka 1935 habari ndefu za Wakuria wa Tarime. Na katika miaka ya 1940 Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa mtaalamu wa serikali wa mila za wenyeji, alichunguza sheria na desturi za Wakuria pamoja na habari za ardhi yao. Aliwaketisha wazee na kuwauliza maswali, na kazi yake ni hazina mpaka leo. Hapo ndipo serikali ilipofungua sikio. Lakini yaliyosikiwa yaliandikwa kwa Kiingereza, yakawekwa maofisini wayasome watawala. Mzee aliyehojiwa hakuweza kulisoma neno lake na kusema: Hapa umeandika sawa, na hapa hukunielewa.

Njia nyingine ya neno ilikuwa karatasi. Mnamo mwaka 1923 serikali ilianza kutoa huko Dar es Salaam gazeti la Mambo Leo, lililotoka kila mwezi kwa Kiswahili. Gazeti hili lilikuwa la serikali, na lilitangaza yale serikali iliyoyataka. Hata hivyo lilikuwa na kitu ambacho baraza la chini ya mti halikuwa nacho: kurasa za wasomaji. Watu wa miji na vijiji mbalimbali walipeleka barua, habari za kwao na mashairi, wakajibizana kutoka mwezi hata mwezi. Kwa njia hiyo mwalimu au karani wa bara aliweza kuona jina lake na neno lake limepigwa chapa na kusomwa na watu asiowajua. Kwa mara ya kwanza neno la mwenyeji lilipanda kwa maandishi. Upungufu wake wajulikana: asiyejua kusoma hakuwamo, isipokuwa apate mtu wa kumsomea. Kwa sababu hiyo walimu wa shule za misheni na za serikali walifanywa, bila ya kuajiriwa kwa kazi hiyo, kuwa midomo na masikio ya vijiji vizima.

Mwaka 1951 mambo mawili makubwa yalitukia. La kwanza, Dar es Salaam ilianza kutangaza kwa redio. La pili, Serengeti ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na mipaka yake ikabadilishwa tena mwaka 1959. Redio ilileta sauti mbali sana kwa upesi, lakini ni chombo cha kinywa kisicho na sikio. Na hifadhi iliwagusa watu wa magharibi ya Serengeti, Waikoma, Wanata, Wangoreme na jirani zao, ambao babu zao waliwinda na kutambikia katika mbuga zile. Mwaka 1994 mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo yalipandishwa hadhi kwa sheria, na nafasi ya wanavijiji ikapungua tena. Leo wageni kutoka dunia nzima huja kuwatazama nyumbu, nalo ni jambo la fahari na faida kwa taifa. Lakini ukizungumza na wazee wa huko utasikia swali ambalo halijachakaa: Ni nani aliyetuuliza? Baadaye serikali ilifungua njia mpya, vijiji vikaruhusiwa kuunda jumuiya za kuhifadhi wanyama katika ardhi yao wenyewe na kupata sehemu ya mapato. Katika Serengeti vijiji vitano viliunda jumuiya ya Ikona kwa namna hiyo. Kazi hiyo ina matatizo yake, lakini msingi wake ni kwamba kijiji kinaitwa mezani.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka 1963 utawala wa machifu uliondolewa, na chama cha TANU kikapanga mabalozi wa nyumba kumi kumi. Mpango huu ulikuwa na akili nzuri, maana balozi alikaa karibu na watu kiasi cha kujua nani ni mgonjwa na nani hana chakula. Walakini balozi naye alikuwa na hatari ile ile ya mkuu wa zamani, yaani kuwa mdomo wa walio juu kuliko kuwa sikio la walio chini. Tena mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa, na maafisa wa serikali kuu wakachukua kazi zao mikoani.

Katika wakati huo huo serikali moja iliwasemesha raia wale wale kwa njia mbili zilizo mbali sana, nami nawaomba mzilinganishe.

Njia ya kwanza ni kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Redio ilitangaza masomo juu ya magonjwa kama malaria, kichocho na kuhara. Lakini waliotengeneza mpango huo walijua kwamba redio haina sikio, kwa hiyo wakaiundia vikundi. Vikundi vilikutana nchini kote kwa majuma kumi na mawili, navyo vilikuwa na watu wapatao milioni mbili. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa, na kijitabu cha maneno rahisi. Watu walisikiliza, mmoja akasoma kwa sauti, kisha wakaulizana: Je, jambo hili lipo kwetu? Tutafanya nini? Wakaamua wenyewe kuchimba choo, kufyeka majani karibu na nyumba, au kufukia madimbwi. Kazi ilifanyika kwa sababu amri ilikuwa yao wenyewe.

Njia ya pili ni ya kuhamia vijijini. Mwezi wa Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kukaa katika vijiji ni amri, na kwamba kazi hiyo iwe imekwisha mwaka 1976. Katika Mkoa wa Mara operesheni ilifanyika mwaka 1974. Makusudi yake yalikuwa mema, maana shule, maji na zahanati haviwezi kuletwa kwa kila mtu aliyejitenga kilimani. Lakini Wakuria walikuwa wamezoea kukaa katika boma la ukoo, ng'ombe katikati, na mashamba jirani, na hapakuwa na wiki kumi na mbili za kuulizana. Watu waliambiwa mahali, wakaambiwa siku. Mahali pengi nchini nyumba za zamani zilibomolewa, na baada ya miaka michache wengi wakarudi kidogo kidogo katika mashamba yao. Basi miaka miwili iliyofuatana ilitufundisha somo kamili: serikali ile ile na raia wale wale, mahali neno lilipojibiwa, kazi ilisimama, na mahali neno lilipokuwa amri tupu, sehemu kubwa ya kazi ilibomoka.

Baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979, bunduki ziliongezeka katika Tarime, na wizi wa ng'ombe, ambao zamani ulifanywa kwa mishale na mikuki, ukawa jambo la kuua watu wengi. Polisi walikuwa wachache na mpaka ulikuwa karibu. Hapo serikali ilirudi kulitafuta baraza ililoliacha nje ya mpango miaka mingi nyuma. Walinzi wa jadi waitwao sungusungu, ambao walikuwa wameanza kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, walitambuliwa na sheria mwaka 1989, na katika Tarime ulinzi huo ulishikamana na iritongo. Watu waliitwa mkutanoni, wakaambiwa wawataje wezi wao wenyewe. Wizi ulipungua mahali pengi, kwa sababu mwizi anaweza kumficha polisi lakini hawezi kuwaficha jirani zake. Lakini hapa pia pana onyo. Baraza lenye nguvu ya kuadhibu, lisilo na maandishi wala rufani, laweza kumpiga asiye na hatia kwa sababu ya chuki ya ukoo. Jibu la watu wengi si lazima liwe jibu la haki, na kwa hiyo sheria na kumbukumbu ni lazima ziketi barazani pamoja na wazee.

Sheria za mwaka 1982 zilirudisha halmashauri za wilaya, na mwaka 1992 nchi ikakubali vyama vingi vya siasa. Tangu 1994 wenyeviti wa vijiji, vitongoji na mitaa wanachaguliwa katika uchaguzi wenye vyama vingi. Kwa sheria ya leo kila mkazi wa kijiji aliyetimiza umri wa miaka 18, mwanamume au mwanamke, ni mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Kijiji, na mkutano huo hupasa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, mapato na matumizi yasomwe mbele ya watu. Tazameni ajabu ya historia: lile iritongo lililokuwa la wanaume wazee, sasa limo katika sheria ya nchi, na mlango wake umefunguliwa kwa mama na kijana. Kazi iliyobaki ni kulitumia.

Na hatari ya kutolitumia ni kubwa. Katika Nyamongo, Wilaya ya Tarime, mgodi mkubwa wa dhahabu wa North Mara ulianza kazi mwaka 2002. Mwaka 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodini yakafika Mto Tigithe. Tarehe 16 Mei 2011, siku ambayo watu wengi waliingia mgodini kutafuta mawe yenye dhahabu, watu watano waliuawa kwa risasi za polisi. Mambo haya yana sababu nyingi: umaskini, bei ya dhahabu, fidia za ardhi, na vijana wasio na kazi. Mimi nataka kutaja sababu moja tu inayohusu habari zetu. Mama anayechota maji mtoni akiuliza kama maji hayo yanafaa kunywewa, swali lake haliwezi kungoja miezi sita. Lisipojibiwa na mwenye kujua, litajibiwa na uvumi, na wahenga wamesema: Lisemwalo lipo, kama halipo, laja. Uvumi ukikaa muda mrefu huzaa hasira, na hasira haina mkalimani.

Haja hii ya baraza lenye jibu si ya watu wa Mara peke yao. Huko Botswana, kusini mwa Afrika, watu wana baraza la jadi liitwalo kgotla, na mawaziri wa serikali huenda huko kueleza mipango yao. Januari 1991 serikali ilitaka kuuchimba Mto Boro, karibu na mji wa Maun, ili kupata maji zaidi. Watu wakakusanyika katika kgotla, wakasema mbele ya waziri, mmoja baada ya mwingine, kwamba kazi hiyo itaharibu mto wao. Serikali iliisimamisha kazi, wataalamu wakaitwa kuchungua upya, na mwaka uliofuata mpango ukaachwa. Serikali haikuanguka kwa kulisikia neno la watu. Iliokolewa gharama ya kazi ambayo huenda ingalijuta baadaye.

Sasa miji inakua. Tarime ina Halmashauri ya Mji, na Mugumu, makao makuu ya Serengeti, unazidi kupanuka. Mjini watu hawakai kwa ikiaro. Mwenye duka ametoka Musoma, fundi ametoka Mwanza, mwalimu ametoka Kagera, na jirani wa mlangoni huenda hajui jina la mwenyekiti wa mtaa. Taka, maji, ushuru wa soko, mipaka ya viwanja, haya ndiyo mashauri ya mjini, nayo hayawezi kuketishwa chini ya mti mmoja. Simu za mkononi zimerahisisha kupeleka taarifa, kama redio ilivyorahisisha zamani. Lakini tangazo lililofika kwa watu elfu moja bila ya kurudi hata jibu moja, ni ile meza ya Bwana Shauri iliyotiwa mfukoni.

Basi historia hii yatufundisha mambo matatu ambayo mji wowote waweza kuyashika bila ya fedha nyingi. La kwanza ni lugha: neno lisemwe kwa lugha ambayo msikilizaji huitumia kufikiri. Kiswahili kimetuunganisha, lakini bibi wa kijijini aruhusiwe kuuliza kwa Kikuria au Kingoreme, na mtu aliye mwaminifu ageuze pande zote mbili. La pili ni maandishi: swali lililoulizwa barazani liandikwe pamoja na siku yake na jina la mwenye wajibu wa kulijibu, na karatasi hiyo ibandikwe mahali wote waonapo, kando ya hesabu za mapato na matumizi. La tatu, ambalo ni kubwa kuliko hayo mawili, ni marejeo: mkutano unaofuata usianze na matangazo mapya kabla ya kusomwa majibu ya maswali ya mkutano uliopita, hata kama jibu ni kwamba fedha hazijapatikana. Raia aweza kuvumilia jibu gumu. Asichoweza kuvumilia ni kutojibiwa.

Na sisi raia tuna wajibu wetu. Mkutano wa mtaa ukiitwa na watu kumi tu wakaenda, tusishangae kuona kumi hao wakiamua kwa ajili ya elfu. Anayenung'unika kilabuni na kunyamaza barazani amejifunga mdomo kwa mkono wake mwenyewe. Wazee wa iritongo waliacha ng'ombe na mashamba wakaenda kuketi juani mpaka neno liishe. Walijua kwamba shauri lisilosemwa mchana hurudi usiku, na hurudi na silaha.